Kamba ya Silwal

Jumatatu, 3 Machi
Chai ya rangi tena. Nimekuwa dalali wa ng'ombe tangu nywele zikiwa nyeusi, na bado sina maziwa nyumbani. Tangazo limebandikwa langoni: kesho ndiyo siku ya mwisho ya soko letu hapa Suna. Ng'ombe wanahamishiwa nje ya mji, hapa vitajengwa vibanda vya nguo. Wenzangu wanasema afadhali, harufu ilizidi. Mimi harufu hiyo ndiyo imenilisha. Nimerudi chumbani na hasira, na hakuna hata wa kumgombeza.

Jumanne, 4 Machi
Soko la mwisho. Ng'ombe wachache, maneno mengi. Nimemuuzia Chacha, Mkuria wa Isebania, fahali wake mweusi. Kabla ya kumkabidhi kwa mnunuzi akaifungua kamba shingoni, akaikunja, akaitia begani. Ndivyo tufanyavyo sote hapa, Wajaluo kwa Wakuria. Ng'ombe huenda, kamba hurudi nyumbani. Ukimwachia mnunuzi kamba, umemuuzia na baraka za zizi lako.

Macho yangu yakaenda kwenye paa la kibanda cha madalali. Nikayaondoa haraka.

Jumatano, 5 Machi
Acha niandike basi, nani atasoma.

Chini ya bati la kibanda kile kuna kamba niliyoificha. Ni ya Silwal, mtamba wa kahawia ambaye mama yangu alimpa binti yangu Atieno, akiwa darasa la sita. Kamba aliisokota mwenyewe kwa katani, akaingiza na utepe wa buluu aliouchana kwenye sare yake kuukuu. Nilimuuza Silwal yeye akiwa shuleni. Hatukuwa na njaa. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nilipata bei nzuri, mkono ukaniwasha. Basi.

Nyumbani nikasema ameibwa. Mama Atieno akawalaani wezi mpaka akaingia kaburini.

Lakini kamba je? Kuipeleka nyumbani haiwezekani, mwizi haachi kamba. Kuitupa nikaogopa. Dalali mzima, nikaichomeka chini ya bati kama panya anayeficha mahindi.

Kisha Atieno akaanza kuja. Kila Jumanne akitoka shule, anasimama kwenye uzio, anatazama. Miaka miwili. Nami nasifia ng'ombe za watu kwa sauti kubwa ili nisimwone. Nilikuwa mwoga. Bado ni mwoga.

Ijumaa, 7 Machi
Wabomoaji wamefika. Msimamizi wao, kijana mwenye kofia ya manjano, ameniambia, "Mzee, toa vitu zako hapa, mchana tunaangusha hii kitu." Nikapanda juu ya ndoo, nikapapasa chini ya bati. Ipo. Imekauka, utepe umefifia, lakini ipo. Nimeiweka mezani chumbani nikala nikiitazama.

Sina mahali pa kuificha tena. Kesho nakwenda Sindo, kwa Atieno.

Jumamosi, 8 Machi
Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika yote yakanitoka.

Atieno anauza omena, dagaa wa ziwani, pale ufuoni. Alikuwa amezianika kwenye nyavu, anageuza. Hakushangaa kuniona, hakufurahi pia. Akanipeleka nyumbani, akanipikia, akaninawisha mikono. Ana mvi mbili tatu sasa. Sikujua.

Nikaitoa kamba. Nikasema, "Nilimuuza mimi, nyathina." Nyathina, mtoto wangu. Kwa miaka mingi sikuwa nimemwita hivyo.

Akaushika utepe, akausugua kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Najua, Baba. Hiyo kamba niliiona kwa paa, Jumanne ya kwanza tu. Mimi sikuwa nakuja kutafuta ng'ombe. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akaondoa sahani. Kamba akaenda nayo chumbani kwake. Nilikaa kidogo, nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani. Nilikwenda stendi peke yangu. Nililia, niandike nini tena.

Jumanne, 11 Machi
Nimeamka mapema, nikavaa koti, nikachukua fimbo. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka hakuna soko.

Nikaenda hata hivyo. Mazizi yamelala, mbao upande huu, mabati upande ule. Kibanda cha madalali hatimaye hawakukiangusha, wanawekea saruji. Uzio nao bado upo. Nikasimama pale alipokuwa akisimama Atieno. Miaka yote ile sijawahi kusimama upande huo. Ukiwa pale huwaoni ng'ombe vizuri, nguzo zinakuzuia. Unachokiona ni kibanda chetu, na ukingo wa paa lake.

Nikakaa mpaka jua likawa kali. Nikarudi nyumbani, nikapika uji.