Mtungi wa Prezida wa Timu

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimekamua mawese tangu asubuhi. Mikono bado iko myekundu na daftari limeshapata alama ya kidole.

Saa tisa uwanjani, kufundisha ngoma. Wapigaji saba, ngoma saba, mimi na firimbi. Tunakaa chini ya dirisha la nyumba ya timu kwa sababu pana kivuli. Leo tumepiga mpaka mabati yakatetemeka. Rumonge hii hakuna anayepuliza firimbi kama mimi. Mwaka ule tulioshinda kombe nilipuliza mara moja, wavuvi wa Kongo wakageuza mitumbwi wakidhani ni polisi wa ziwa. Watu wanabisha. Wabishe.

Wimbo mpya wa Petroli umekaa vizuri. Petroli ndiye namba tisa wetu. Jina lake Fulgence, lakini siku hizi hata mama yake anamwita Petroli. Jumapili watakuja wakubwa wa timu moja ya Tanzania kumtazama. Akinunuliwa, wimbo wangu utavuka mpaka pamoja naye.

Alitoka nyumba ya timu tukiwa bado tunapiga. Nikamwambia, "Champion." Akaniinulia kidole gumba. Baadaye kidogo akatoka Odette, mutoto wa dada yangu, anayefua na kupiga pasi jezi za timu. Ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Nikamtania mbele ya wapigaji: pasi imekufukuza? Akapita upande wa michikichi.

Vijana wa leo hawajui utani.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Dada yangu Imelda amekuja kwenye mashini yangu asubuhi. Hakusalimu. Imelda hata akiwa na malaria anasalimu.

Amesema, "Petroli amemuharibu Odette. Kwa nguvu. Jumanne, katika chumba cha jezi."

Nikauliza kwa nini hakupiga kelele.

"Alipiga, kaka. Nje kulikuwa na ngoma."

Nilizima mashini. Nikaiwasha tena. Sikujua mikono niipeleke wapi.

Jana wameenda hospitali, kisha polisi. Odette ana miaka ishirini, amejisemea yote mwenyewe, Imelda alimshika mkono tu. Baba yake alishafariki, na ndugu za baba walibaki Tanzania sisi tuliporudi kutoka ukimbizini. Mkubwa wa nyumba ni mimi. Nimemwambia Imelda aniachie jambo hili. Mtu aliyemvuta mamba kwa mkia kule Minago ataogopa komite ya timu?

Imelda amegeuka, amerudi sokoni kwake.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Kichwa kinauma. Nina aibu. Niandike.

Nilienda kwa prezida wa timu saa nane mchana. Njiani niliyapanga maneno makali, nikayasema kwa sauti mpaka mtu wa baiskeli akageuka. Kufika, komite yote imekaa uani. Bashingantahe wawili, wazee wa kuamua kesi za mtaa, na fimbo zao. Kreti mbili za bia. Mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, katikati, na mirija ndani. Na Petroli, shati jeupe, kichwa chini.

Wakasimama. Wote, kwa ajili yangu. Prezida akaniachia kiti chake, akaniita Tonton, yaani mjomba, kama wanavyoniita uwanjani. "Tonton Firimbi, bila wewe timu hii ni watu kumi na moja wanaokimbia ovyo." Ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kulisema.

Nikasema nimekuja na neno.

"Neno utalisema. Kwanza wape wazee habari ya mamba."

Nikawapa. Walicheka mpaka mzee mmoja akafuta machozi. Mamba wa leo alikuwa na mita saba. Katikati ya kicheko nikapewa mrija, nikanywa. Kuinua macho, Petroli amepiga magoti mbele yangu, ananyonya mtungi huohuo, mrija wake unagusana na wangu. Mzee akagonga fimbo chini. Akasema, "Familia imekunywa."

Kwetu hakuna kesi inayobaki hapo. Ukinywa mtungi mmoja na aliyekukosea, wazee wakiangalia, umesamehe na hutalitaja tena. Hata anayejifunza kutembea anajua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshika mrija na watu walikuwa wanacheka hadithi yangu.

Kreti moja wakaimaliza. Nyingine wakanifungia kwenye baiskeli, ya kumpelekea mama wa binti.

Neno langu sikulisema.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Imelda hakuruhusu kreti ipite mlangoni. Iko nje, juani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameniuliza kama mwalimu wangu wa darasa la tano, ambaye ndiye wa mwisho niliyewahi kuwa naye.

"Odette alikunywa?"

Hapana.

"Mimi nilikunywa?"

Hapana.

"Basi aliyesamehe ni nani?"

Nikasema walinizunguka. Akasema, "Hawakukuzunguka. Walikusifu. Wewe kukusifu kunatosha."

Odette alikuwa ndani anasikia. Akatoka na kitambaa kichwani, amekonda kwa siku nne hizi. Akasema, "Mjomba, dosye ya kesi iko polisi kwa jina langu. Sijaifunga. Sitaifunga." Akarudi ndani.

Nimekaa karibu na kreti ile kama mlinzi. Simu inaleta sauti za wafuasi wa timu, moja baada ya nyingine. Odette anatafuta jina. Odette ametumwa na timu za Bujumbura. Kwa nini aseme wiki hii, wiki ya watu wa Tanzania? Mmoja namjua vizuri, nilimbeba mgongoni tulipokuwa ukimbizini. Anasema familia yenyewe imeshakunywa, Tonton alikuwa shahidi.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimeenda uwanjani. Nilitaka kuona kama wana uso wa kumchezesha Petroli. Wanao. Alianza, kapteni, na kitambaa mkononi.

Amefunga mawili. Watu wa Tanzania wamepiga makofi.

Baada ya bao la pili upande wetu ukaanza kuimba. Tuni yangu. Niliitunga mimi, kwenye mashini, mwezi mzima. Wametoa maneno yangu wametia jina la Odette. Maneno siyaandiki. Wamama pia waliimba. Nilikuwa na firimbi mdomoni, sikuipuliza.

Mwenzangu wa ngoma kubwa akanisukuma. "Tonton, ongoza basi."

"Huyo ni mutoto wa dada yangu."

"Si mlikunywa? Mtu akishakunywa halii tena."

Nilitoka kabla mpira haujaisha. Miaka kumi na tano sijawahi kutoka kabla mpira haujaisha, hata siku ile ya mvua iliyozamisha magoli. Nimepita sokoni. Ndagala, dagaa anaowauza Imelda, wako vilevile alivyowapanga asubuhi. Wateja wanapita upande wa pili wa njia.

Siogopi watu. Nimejiogopa mimi.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Polisi. Nimeenda peke yangu, nimevaa koti.

Afande anayeshika dosye ni kijana, mpole. Amesema komite imeleta barua kwamba familia imesamehe mbele ya bashingantahe. Amesema kisheria pombe haifuti kosa la aina hii. Lakini mashahidi wasipokuja, dosye inalala, na yeye ameziona nyingi zimelala.

Nikauliza mashahidi ni nani.

"Ndani walikuwa wawili. Nje mlikuwa ninyi wa ngoma. Wenzako saba wamesema hawakuona kitu."

"Mimi niliona."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, wewe si ndiye wa mamba?"

"Ndiye."

"Leo bila mamba."

Nikasema. Jumanne, saa kumi inakaribia. Petroli ametoka, amefunga mlango nyuma yake. Nilimpongeza. Odette ametoka baadaye, ndala moja mkononi, hakuvaa kitambaa, na yeye hatembei bila kitambaa. Nilimtania.

"Ulimtania vipi?"

Nikamwambia. Akaandika na hiyo.

Akauliza ngoma zilikuwa na sauti gani. Mdomo ulitaka kusema Kongo walisikia. Nikasema, "Mtu akipiga kelele mle ndani, sisi nje hatumsikii." Nikasema tena kwamba kukaa chini ya dirisha lile ni amri yangu, si ya mtu mwingine. Hakuuliza, lakini nikasema.

Akanisomea. Karatasi moja na nusu. Mimi habari ya mbuzi aliyepotea inajaza jioni nzima. Nikatia sahihi. Jasho lilinitoka kuliko siku ya mashini.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Leo nimerudisha.

Kreti ya kwanza ni ileile ya juani, haijafunguliwa. Ya pili nimebadilishana na mwenye buvette, kibanda cha bia, kwa bidoni ya mawese. Nimezifunga zote kwenye baiskeli nikasukuma mpaka uwanjani saa ya mazoezi, maana nilitaka watu. Nilikunywa mbele ya watu, nirudishe mbele ya watu. Walikuwepo. Komite kwenye viti, wazee wawili, wafuasi kwenye ukuta, Petroli anakimbia na wenzake kana kwamba dunia haina jambo.

Nikaziweka miguuni pa prezida. Chupa zililia, watu wakageuka.

Nikasema: "Pombe yenu hii. Nilikunywa mimi, kwa ulafi wa sifa. Mama wa binti hakunywa. Binti hakunywa wala hakuitwa. Familia haijakunywa. Na kwa polisi nimeshasema nilichokiona."

Prezida akacheka. "Tonton, na urwarwa ulionyonya utaurudishaje?"

"Njoo nyuma ya choo nikuonyeshe."

Wakacheka wote, hata wachezaji. Kisha kicheko kikabadilika. Mtu akapaza sauti kutoka ukutani, "Na mamba ulimwona pia anatoka chumba cha jezi?" Hapo wakaangua. Nikawaacha wamalize. Nikasema habari ya mamba ilikuwa uongo wangu. Hakuwa na mita saba. Alikuwa kenge, na nilimkimbia. Hili la Odette si la kenge.

Sijawahi kusema hivyo mbele ya mtu yeyote. Mke wangu aliondoka duniani akiamini mamba.

Mzee mmoja wa fimbo aliangalia pembeni. Yule aliyefuta machozi siku ile akasimama polepole. "Binti kweli hatukumwita," akasema. "Fimbo yangu naiondoa." Akaondoka na fimbo yake. Prezida alimwita mara mbili, hakugeuka.

Basi prezida akaniambia mimi si mfuasi tena, nirudishe firimbi. Nikamwambia firimbi nilinunua Kigoma kabla yeye hajajua mpira ni duara. Wakati naondoka likaja jiwe, likanigonga sikio. Dogo. Sitaliongeza.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Redio imesoma maneno ya timu. Wako nyuma ya mchezaji wao, wanaomba watu wasivuruge jina la timu. Jina la timu. La Odette hawakulitaja hata kwa wema.

Ijumaa parke, ofisi ya mashtaka, ilimwita Petroli, ikambakiza ndani. Leo wamecheza bila yeye, wamefungwa. Kosa ni langu, kwa mujibu wa kila mtu kuanzia hapa mpaka Muhuta. Mtu amemwaga mchanga katika pipa langu la mawese. Nimechuja mara tatu kwa gunia. Yanafaa sabuni.

Wapigaji wawili wa ngoma walikuja jioni, jua likiwa bado halijazama. Walikaa, wakaongea habari ya mvua. Mmoja akasema aliona ndala mkononi. Mwingine akasema naye. Nikawaambia mimi si polisi, polisi iko pale wanapoijua. Wakasema watu watawafanyia kama wanavyonifanyia. Nikasema ndiyo, watawafanyia.

Hawakuaga vizuri. Sijui kama wataenda.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Mmoja ameenda.

Ijumaa, tarehe 23 Mei

Mjomba wa Petroli amekuja kwangu na maneno ya upole. Mtu mzima kama mimi, mkulima wa Bugarama, ametoka mbali kwa miguu. Anasema kijana ataharibikiwa, miguu ile ni riziki ya watu kumi na wawili. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nimempa maji, maana maji si pombe. Kisha nikamuuliza kama amewahi kusikia mtu anauliza Odette analisha wangapi.

Akanirudishia kikombe cha maji. Hakuwa mtu mbaya. Nimemsindikiza mpaka njia ya lami.

Barua imefika: Jumatatu, parke, Odette na mashahidi.

Jumatatu, tarehe 26 Mei

Nimewafuata asubuhi. Imelda amevaa kitenge cha kanisani. Odette amefunga kitambaa cha kijani.

Tangu siku ile Odette hupita njia za michikichi, nyuma ya nyumba za watu, asikutane na uwanja. Nikageukia huko kwa mazoea. Yeye akasimama. Akasema, "Mjomba, tupite barabara kubwa."

Nikasema ni siku ya mazoezi ya asubuhi, watakuwa pale wote.

"Najua."

Tukapita. Imelda kushoto kwake, mimi kulia, upande wa uwanja. Walituona. Mtu akaanza ule wimbo, wengine wakadakia, si wengi. Nilitafuta neno la kuwatupia, nikaona Odette halihitaji. Hakuongeza mwendo. Hakupunguza.

Parke tulifika kabla haijafunguliwa. Kuna benchi moja chini ya dirisha. Tukakaa watatu. Odette akaomba nisimame kidogo, apate nafasi ya kunyoosha miguu.

Nimesimama.