Chaki Yako Kwenye Kitambaa cha Kijani

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoanguka penye meza ya kukatia vitambaa, saa nne asubuhi, mkasi mkononi. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Hukuwa umeumwa hata siku moja. Hatukuagana; neno lako la mwisho kwangu lilikuwa kwamba nimeacha misumari sakafuni tena.

Mke wangu, karakana nzima ilikuita Mkaguzi. Mimi nilipiga mbao, wewe ulikata na kushona, na hakuna kochi lililotoka mlangoni kabla hujalikalia na kikombe chako cha chai. Ukimaliza chai bila kujisogeza, kochi limepita. Ukijisogeza mara moja tu, nilijua jioni hiyo nang'oa misumari.

Ulikuwa mkali kwa kazi, mpole kwa watu. Mlinzi wa shule ya jirani ulimshonea mto wa kiti chake kwa vipande vilivyobaki, ukamkataza asimwambie mtu. Alituambia msibani.

Baada ya mazishi watu walifika wakauliza, "Fundi yupo?" Nikajibu nipo. Wakachungulia nyuma yangu. Miaka kumi na tisa nilidhani fundi ni mimi.

Dada yako alinishauri nifunge, nikatafute kibarua kiwandani. Simlaumu. Nilikuwa natoa makochi bila kukaliwa, kwa sababu sikutaka kumwona mtu mwingine pale ulipokuwa unakaa. Manne yakarudi.

Sasa anakaa binti yetu mkubwa. Hanywi chai, anatafuna karanga, na hana huruma, kama wewe tu. "Baba, linazama kushoto," anasema, na kweli linazama.

Likabaki kochi la rafiki yako mkunga. Kitambaa chake cha kijani ulikuwa umekwisha kukichora chaki, bado kukikata. Nilikikunja nikakifungia kabatini. Mkunga alivumilia, na wiki iliyopita akaja akasimama mlangoni.

"Sikuharakishi, shemeji. Kinachokuharakisha ni kiuno changu."

Ungekuwepo ungecheka. Nilicheka mimi, mara ya kwanza humu ndani tangu uondoke.

Nikakata. Nilifuata mistari yako, nikashona, na kochi likapita mtihani wa karanga. Lakini mteja hapelekewi kochi lenye chaki. Ilibidi nilipige brashi.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, binti zako wawili, kitindamimba wetu wa kiume ambaye bado anakuwekea kikombe mezani, mama yako, dada yako, na mkunga, ambaye sasa anakaa vizuri. Hutatutoka mioyoni, leo wala kesho.

Mwaka huu umetugharimu makochi manne, wateja wawili, na mistari kumi na saba ya chaki, ambayo ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wako tuliyokuwa nayo.