Kupima Karata za Kulet

Jumamosi, 2 Septemba 2006

Kulet kauza dume jingine la ng'ombe. Sikuambiwa na yeye, nimeambiwa sokoni na Siwema muuza nyanya. Mume wangu, na habari zake napewa juu ya fungu la nyanya! Hela zote zimeishia intaneti kafe ya Cornel, pale yanaposimama malori. Anacheza poka, kamari ya karata, kwenye kompyuta, na Wazungu asiowaona. Nilipombana akasema anaibiwa: wenzake wanapewa jozi, karata mbili zinazofanana, yeye anapewa takataka. Siku wizi ukithibitika ataacha. Kaapa kwa ng'ombe wa Naishorua — yule ambaye binti yetu alipewa angali ndama, siku binti alipozaliwa. Sasa ng'ombe huyo ana mimba. Ni wa mtoto, hauzwi.

Jumapili, 3 Septemba

Kulet anakumbuka kila ng'ombe aliyepotea: rangi, pembe, mwaka. Waliorudi zizini jioni hawataji, nani awataje? Na karata anazikumbuka hivyo hivyo. Mimi nafundisha fizikia. Maabara hatukumbuki, tunaandika. Hesabu yenyewe nyepesi: kila raundi kumi na saba, jozi ije kama mara moja. Nitakaa pembeni yake niandike zote, nzuri na mbaya.

Nikasema achezee meza za bure. Akacheka. Meza za bure mashine haina sababu ya kuiba. Ana hoja! Basi acheze za hela. Nimemruhusu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano, 13 Septemba

Umeme umekatika mara mbili. Tunaendelea. Cornel ananiletea soda, ananiita mkaguzi. Leo nimejikuta namwomba Mungu jozi zisije, ili uwe wizi, ili aache. Mwanasayansi gani huyo?

Zinakuja.

Ijumaa, 22 Septemba

Raundi mia nane na hamsini. Jozi zilitarajiwa kama hamsini, zimekuja arobaini na nane. Kwenye jozi hakuna wizi. Nikamwambia Kulet: karata ni halali, ila wewe hujui kucheza, ukishika jozi huiachii hata pale kila mtu anapoona umeshapigwa. Nilitegemea aone aibu.

Amefurahi! Kasikia nusu ya kwanza tu. Kama haibiwi, basi ni mkosi, na mkosi una mwisho wake. Kesho anaondoka alfajiri kwenda Kilosa, hasemi kufuata nini. Nimechoka mpaka mifupa.

Jumapili, 24 Septemba

Alifuata ng'ombe wa Naishorua. Kamfikisha hapa Mikumi mchana, anataka kumpeleka mnadani. Kisioki, kaka yake mkubwa anayetuchungia, kaja naye na kamba hajaiachia. Nimempa shikamoo shemeji, kaitikia marahaba, kiti kakataa.

Kasema mali ya mtoto haiendi kwa mwizi. Lakini kama ni bahati tu, bahati ni ya baba mwenye boma, yeye hataingilia. Halafu kanigeukia. Mama Naishorua, mdogo wangu anasema wewe ulipima. Neno lako nalipokea. Ile mashine inaiba?

Kulet kanitazama, katulia kabisa. Mtu mwenye uhakika na mkewe.

Nikasema ngoja nichemshe chai.

Nipo jikoni. Nikijibu inaiba, ng'ombe anarudi Kilosa leo hii, na mimi ndiye niliyemfukuza mwanafunzi maabara muhula uliopita kwa kubadili namba moja. Nikijibu haiibi, ila Kulet hajui kucheza — watasikia nusu ya kwanza. Ni ndugu hawa. Naogopa. Sijui kwa nini nilitaka kupima.

Dirishani namwona Naishorua anamlisha ng'ombe wake pumba kwa kiganja, anamwambia mambo ya shule.

Maji yamechemka zamani. Kisioki ananiita tena, kwa upole. Nimeongeza maji mengine.