Safu ya Kumi na Moja

Wabera, Isiolo
14 Machi 1987

Kwa kaka yangu Abdinur,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nakuru, wewe na mkeo Nurto na watoto, na kwamba lile goti linalokusumbua kwa ajili ya klachi ya lori limepata nafuu. Sisi hapa nyumbani tu wazima wa mwili. Kuhusu wazazi wetu, Aabo anakohoa kila asubuhi lakini hataki kusikia la mtu kuhusu tumbaku. Hoyo naye, mama wa watu, amenenepa kidogo, na ukimwambia anakasirika. Mdogo wetu Safiyo amemaliza shule na anangoja kipande chake cha utambulisho. Mvua bado haijaja.

Barua hii nimempa Denge mkononi kwa kuwa anakuja huko na gari la ng'ombe. Sikutaka ipite posta, na simu sikuthubutu, maana yule mama anayeunganisha simu anatujua sote kwa sauti. Ukishaisoma ichome. Najua utacheka, utasema Faduma ameanza tena woga wake. Cheka, lakini ichome.

Nilikueleza mwaka jana kuhusu ule mpango mpya wa kumbukumbu hapa ofisini. Zamani mtu akitaka karatasi yake ya kuzaliwa alifunga safari kutoka Kulamawe, akalala kwa jamaa siku tatu, halafu akaambiwa rejista haionekani. Wewe mwenyewe ulingoja yako miezi minane. Sasa sisi makarani tunamnakili kila mtu kutoka rejista kuukuu na kumwandikia fomu yake. Fomu zinapelekwa Nairobi, zinaingizwa kwenye kompyuta, na majina yanarudi yamechapwa kwenye makaratasi marefu yenye matundu pembeni. Tunayatundika barazani, na yeyote anaruhusiwa kuja kujisoma au kusomewa. Akiona kosa anasema dirishani nasi tunalirekebisha. Anayekaa dirishani ni mimi.

Wallahi niliipenda kazi hii. Kuna mama mmoja anaitwa Kabale, mtoto wake alikataliwa shule kwa kukosa karatasi. Alifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimempa karatasi yenye jina la mwanawe. Alilia pale pale dirishani, nami nikalia, na Bwana Kanchoro, mkubwa wetu, akatuuliza kama kuna msiba.

Sasa nisikilize vizuri. Fomu ina safu kumi na mbili. Ile ya kumi na moja inauliza baba wa mtu alizaliwa wapi. Kama ni nchini unaandika moja, kama ni nje unaandika mbili. Unajua Aabo alizaliwa Burao, huko Somalia, na baba yake kadhalika, na babu yetu mzaa mama alitoka huko huko na jeshi la Mwingereza. Kwa hiyo nyumba yetu yote ni mbili, na karibu mtaa wetu mzima ni mbili. Niliziandika hizo mbili kwa mkono wangu wala sikufikiri lolote.

Siku moja tukinywa chai, karani mwenzangu Akuam alisema amesikia kwamba ile mashine ukiitaka ikutolee mbili zote, inakutolea kwa dakika chache, jina na mahali mtu anapokaa. Nikamuuliza nani atataka kujua hayo. Akanijibu kwamba hajui, ila swali halikuandikwa kwenye fomu bure. Ni maneno ya chai tu, kaka, sijaona amri yoyote. Lakini nilikumbuka miaka ile ya hatari, wakati wa vita vya shifta, Hoyo alipokutuma ukafukie karatasi za Aabo chini ya banda la mbuzi. Wakati ule mtu akitaka kutupata ilibidi afunue rejista moja moja zilizoliwa na mchwa. Mchwa wale walitulinda bila sisi kujua. Sasa mimi ndiye niliyetutoa humo nikatupanga vizuri.

Basi Bwana Kanchoro alipotoka kwenda kuswali, nilizichomoa fomu za nyumba yetu kutoka kwenye furushi la kwenda Nairobi, nikafuta mbili kwa kifutio, nikaandika moja. Nilirudisha furushi likiwa limefungwa kama lilivyokuwa.

Juma hili makaratasi ya kwanza yametundikwa, ya waliozaliwa kuanzia mwaka wa hamsini na tano. Mzee Shuriye, jirani yetu aliyekuwa jeshini na Aabo, alikuja na binti yake amsomee. Wakaona mabinti wake wote wana mbili, na mabinti wa Guleid, yaani mimi na Safiyo, tuna moja. Alikuja dirishani, wala hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa upole kama mashine imetupendelea. Nikamwambia ni kosa la Nairobi. Akasema basi mashine ifanye hisani ikosee na kwake, na foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka nao, nikamwita anayefuata.

Ningedhani yameishia hapo, kumbe Mzee Shuriye aliyapeleka msikitini na Aabo akayasikia. Ungemwona alivyorudi! Alilitoa lile sanduku lake la bati chini ya kitanda, akatoa kitabu chake cha jeshi, akaagiza koti lipigwe pasi. Anasema hakuna mashine itakayomwambia alizaliwa mahali asikozaliwa. Anasema alikwenda vitani mpaka Burma jina la Burao likiwa kitabuni, akarudi nalo, na kwamba serikali ikishafungua vitabu vyake watu wasome, ni wajibu wa mtu mzima kuisaidia iandike kweli. Makaratasi ya wazee yatatundikwa Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Ameshamwambia kila mtu kwamba atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na medali zake kifuani.

Akirekebisha yake, kanuni ni kwamba fomu zote za nyumba yake zinaitwa kutoka Nairobi na kukaguliwa. Mwandiko ni wangu, na alama za kifutio zinaonekana hata bila miwani. Bwana Kanchoro si mtu mbaya, lakini si mtu wa kuficha. Naweza kufungwa, kaka.

Nimejaribu kumzuia Aabo. Ananiuliza namzuia kwa nini, nami nasingizia kikohozi chake. Mtu ambaye Aabo hamkatalii ni wewe peke yako. Ndiyo sababu nakuandikia. Ukimpelekea maneno machache, Safiyo amsomee, kwamba aliache jambo hilo kwa heshima yako, hatakwenda.

Nilitaka barua iishie hapo. Nimeikunja, nimeikunjua, nimemfanya Denge angoje na gari linanguruma nje.

Fomu za nyumba yetu ni tano. Nilibadilisha nne. Ya tano ilikuwa yako, nilikuwa nayo mkononi, na muda ulikuwepo. Nilifikiri kwamba nyumba nzima ikiwa moja tupu Bwana Kanchoro atashtuka, lakini mmoja akibaki na mbili itaonekana makosa ya kawaida ya karani. Nikatafuta wa kubaki. Nikakuchagua wewe kwa kuwa uko mbali na sitakuwa nikikuona uso kila siku. Wewe unayesimamishwa kwenye kila kizuizi cha barabara, unayeonyesha karatasi mara tano kabla ya kufika Moyale! Nililijua hilo na bado niliirudisha fomu yako kama ilivyo. Sikusahau, kaka, wala sikukosea.

Kwa hiyo sasa unamjua anayekuomba. Ukimwandikia Aabo asiende, sisi wanne tutabaki na moja na wewe utabaki na mbili peke yako. Ukinyamaza, atakwenda, sote tutakuwa mbili pamoja, nami nitalipa kwa nilichofanya. Mara ya kwanza nilikuamulia bila kukuuliza. Mara hii uamuzi ni wako, na Jumatatu hiyo nitakaa dirishani pangu, yeyote atakayekuja.

Aabo na Hoyo wanakusalimu sana, hawajui lolote. Safiyo anamsalimu Nurto na anauliza kama kitambaa chake kimepatikana. Wabusu watoto. Mola akulinde njiani, usiku na mchana.

Ni mimi mdogo wako,
Faduma Guleid