Harusi Uliyoomba Niifute

Wifi yangu mpenzi Zuhura,

Leo mteja aliniomba mfano wa video za harusi tulizopiga, nikakukumbuka. Miaka yote ile mfano wa studio ulikuwa harusi yako na marehemu kaka Shabani, kule kwenu Ilongero. Wewe una mtandio wa kijani, yeye anashindwa kuacha kucheka. Kaka aliishi nyuma ya kamera. Siku ile tu rafiki yake alimnyang'anya kamera, ndiyo maana ni humo tu alimoonekana akitembea na kuongea.

Unakumbuka alivyorudi na ile diski ya nje kutoka Dar, kaizungushia fulana? Ulimuuliza, "Kadude haka ndiko kabebe harusi zote za Singida?" Lakini ukawa mlinzi wake. Kila alipotaka kufuta kazi za zamani apate nafasi, ulimsimamia. "Nakala umeifungua ukaona inacheza?" Kama hajafungua, hafuti.

Alipofariki, diski nayo ikagoma. Nikiichomeka, kompyuta inataka niifomati kwanza, yaani niifute yote. Nilikataa. Nikapata programu ya kurudisha mafaili, nikawa nayatoa kidogo kidogo kupeleka kwenye diski nyingine, mpaka harusi yenu ikarudi. Mama aliiangalia akiwa ameshika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili.

Kisha ukaja kutoka Kahama, ulikohamia baada ya msiba. Ulimwamkia Mama, ukakaa mkekani karibu na miguu yake.

"Mama, nimeposwa. Naomba ile harusi ifutwe. Kila bibi harusi wa mji huu ananitazama mimi kwanza. Nimechoka kutazamwa."

Nilikasirika, wifi. Nilitaka kusema huyo ni kaka yangu pia. Mama aliomba tu aione tena, tukaitazama sote watatu mpaka mwisho.

"Futa, Rehema," akasema. "Huyu nimemzaa, kicheko chake nakijua. Zuhura bado ana maisha mbele."

Wewe ndiye uliyeanza kulia. "Basi Mama, iacheni."

"Hapana. Umeomba kwa adabu."

Ulipotulia uliniuliza kama haitarudi tena, kama ilivyorudi mara ya kwanza. Nilikwambia kweli: ukifuta kwa haraka, faili linabaki limejificha humo, na mwenye programu analitoa. Kwa hiyo tulichagua kufuta taratibu, kompyuta iandike juu ya kila kitu, kwenye diski zote mbili. Kwanza nilihamishia kazi za wateja kwenye diski nyingine, nikafungua kila moja. Humo tukakuta kipande kifupi: Mama anamwaga mtama kwa kuku, na sauti ya Shabani nyuma ya kamera, "Mama, angalia huku basi." Mama anamjibu azime mashine yake.

"Hiki msifute," ulisema wewe, kabla Mama hajafungua mdomo.

Nilichomoa kila diski isiyohusika, nikabonyeza. Ilichukua mchana wote. Ulisonga ugali wa uwele, tukala na mlenda, hakuna aliyeitazama kompyuta. Ilipomaliza, diski zote mbili zilikuwa tupu kabisa. Ulinishika mkono.

Ninapiga kazi kwenye diski hizo mpaka leo. Hasira iliniisha zamani, sijui hata siku gani. Kaka nimemkosa kwenye kioo, lakini wewe sitaki nikukose.

Tumesikia kwa mjomba wako kwamba una ujauzito. Tangu siku hiyo Mama anakusanya khanga kuukuu laini, anazifua na kuzikunja. Jana nilimwambia taratibu kwamba mtoto si wa Shabani. Alinitazama kama nimesema jambo lisilo na maana.

"Mama yake si mkwe wangu?" akaniuliza. "Sasa huyo mtoto ataniitaje?"

Msalimie shemeji. Ukipata nguvu, mlete mtoto Singida, Mama apate jibu lake.

Ni mimi wifi yako,
Rehema