Kompyuta ya Aabo Haioni ya Yusuf

Jumapili, 3 Agosti

Na bado kompyuta zetu hazionani. Nimepika anjera, chapati zetu za maji, Yusuf amekunywa chai vikombe viwili akiniangalia kana kwamba mimi ndiye sukari, kisha tukarudi kulekule mezani. Kompyuta yangu niliyokuja nayo kutoka kwetu Bute upande huu, laptopu yake upande ule, ruta katikati inawaka taa zote. Wiki tatu za ndoa, na mume wangu ameshazoea kupiga magoti chini ya meza kwa ajili yangu. Nampenda mno.

Jumatatu, 4 Agosti

Niandike kwa nini naogopa. Ndani ya kompyuta hii kuna sauti ya Aabo, baba yangu, aliyeniachia. Dakika kumi na moja. Alinirekodi nikiwa darasa la sita, dukani kwake, akinifundisha kuhesabu mababu: mimi binti wa nani, naye wa nani, hadi babu wa ishirini. Nilikuwa naruka mmoja kila mara. Aabo anacheka. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike.

Nakala nyingine hakuna. Matundu ya flashi yalikufa kwa vumbi, sauti haitoki, na imezeeka hata barua pepe haifungui. Limebaki tundu la waya wa mtandao tu, sauti ipite humo hadi laptopu ya Yusuf.

Jumanne, 5 Agosti

Diski imeanza kugonga. Kama ukucha kwenye sinia. Fundi wa mjini anasema ataing'oa, lakini haahidi kitu. Nimekataa.

Yusuf amebadilisha waya. Amezima ruta, amewasha. Ameweka neno la siri, ameliondoa. Wapi.

Kompyuta ikipata joto inanuka duka la Aabo. Vumbi, plastiki, dawa za mifugo. Nilifumba macho nikajiona juu ya gunia la chumvi ya ngamia, miguu haifiki chini, Aabo akiandikia watu barua zao kwa vidole viwili. Machozi yakadondokea hina yangu. Yusuf aliyafuta kwa ncha ya kikoi chake. Mwanamume wa namna hii nilimpata wapi mimi?

Alhamisi, 7 Agosti

Ugomvi wetu wa kwanza. Kompyuta ilikwama, akachomoa umeme ghafla. Nikamwambia, angekuwa baba yako usingechomoa hivyo. Nilijuta kabla sijamaliza. Akaenda kuswali Alasiri.

Ilikataa kuwaka mara mbili. Ya tatu ikawaka. Nilikaa nayo peke yangu. Hasira. Aibu zaidi.

Alirudi na maziwa ya ngamia, yale ya harufu ya moshi ninayoyapenda. Tulikunywa pamoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeliona kosa. Kila nikiwasha, kijidirisha hutokea pembeni, nami hukifunga bila kusoma. Leo nimesoma. Kinasema katika mtandao huu tayari kuna kompyuta nyingine yenye jina hilo, kwa hiyo hii haiwezi kuunganishwa. Jina gani? Hibo. Aabo aliipa jina langu siku aliyoinunua.

Nikafungua laptopu ya Yusuf. Nayo Hibo.

Aliipa jina hilo siku ya nikaha yetu. Aliona haya kuniambia. Nilipomwita alisimama mlangoni akiangalia sakafu, nikacheka hadi nikakaa chini. Wiki nzima anatafuta kosa, na kosa ni kunipenda.

Nikasema basi nibadilishe la ile kuukuu, tumalize. Akanishika mkono.

"Wacha, macaanto, utamu wangu. Kwetu mwanamke akiolewa anahama nyumba, hahami jina. Hilo amepewa na baba yake. Hii yangu ndiyo imekuja juzi, ndiyo ibadilike."

"Iitwe nani sasa?"

"Iite Bwana Harusi. Angalau bwana harusi mmoja ndani ya nyumba hii akuheshimu."

Tukaandika hivyo. Tukazima, tukawasha. Zikaonana.

Faili ikaanza kupita, polepole, diski ikigonga. Ilipofika zaidi ya nusu ikasimama. Nikasoma Ayatul Kursi. Yusuf hakupumua. Ikaendelea. Ikafika.

Jumamosi, 9 Agosti

Kompyuta kuukuu haijawaka leo. Nimeifunika kwa shuka.

Aabo amezungumza sebuleni kwetu, hapa mtaani Galbet. Kuna kitu nilikuwa nimekisahau kabisa. Katikati ya mababu mteja anaingia, anataka dawa ya minyoo ya mbuzi, ana haraka. Aabo anamwambia, "Kaa kidogo. Binti yangu anahesabu." Na mtu yule anakaa. Unasikia kiti.

Nilimpigia Hooyo, mama yangu, nikamwambia nimwekee asikie. Akasema hapana, si kwa simu. Tuilete, aketi nayo.

Yusuf ameshaomba ruhusa kazini. Nimemwahidi Hooyo: kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Bute, inshallah, sote wawili.