Kamera Inayojipiga Yenyewe

Garsen, 14 Juni 1999

Kaka Jasper,

Mtoto unayemwita mdogo wetu ni wangu. Nilimzaa Februari, miezi mitatu baada ya mtihani wa mwisho. Mama alinizalisha mwenyewe, na majirani wote wameambiwa ni wake. Mimi sijamwambia mtu mwingine.

Hapa mto umeshuka na mpunga umeota vizuri. Mtoto ameanza kucheka. Akilia, mama humpa maziwa ya ng'ombe anayonunua kwa wanawake wa Kiorma, na yangu yanalowesha gauni. Nikimchukua, mama ananiambia, "Lavender, wewe ni dada. Dada hapakati mtoto hivyo."

Uliuliza nataka ipi kati ya zile kamera mbili ndogo za dijitali huko Dubai. Ile inayovuta vitu vya mbali ni nzuri, lakini niletee ile nyingine, inayosubiri sekunde kumi kisha ikajipiga yenyewe. Sina wa kumwomba anipige picha nikimnyonyesha. Tena haina filamu, kwa hiyo mpiga picha wa sokoni hataiona picha. Utaitoa wewe kwenye kompyuta yako. Nataka moja tu, Julai ukija, kwa sababu Agosti anabatizwa. Kwenye picha za kanisani atakayempakata ni mama, nami nitasimama nyuma nimeshika mfuko wa nepi.

Haya yabaki kwako, kaka. Ukimwandikia mama, endelea kumpongeza kwa mtoto wake.

Dada yako,
Lavender